Ugoko unauma, muuzaji anasema ninunue raba ya laki nne

Maswali ya mwezi huu karibu yote ni ya raba, nadhani kwa sababu watu wameanza kujiandaa na NBC Dodoma Marathon na kila kona ya mji kuna klabu ya jogingi. Nimechukua manne. La kwanza nimelijibu kwa kirefu manake limebeba na mengine ambayo hayajapata nafasi.

SWALI: Kocha shikamoo. Mimi ni mtumishi wa serikali, nilihamia Dodoma na wizara, naishi Kisasa, nina miaka 36 na watoto wawili. Nilikuwa sijakimbia tangu sekondari, nikajiunga na klabu ya hapa mtaani, tukawa tunaenda kilometa 4 au 5 asubuhi niko fresh kabisa. Jumamosi moja wakasema leo tunanyoosha barabara ya Dar, tukaenda kama kilometa 12 na mimi sikutaka kubaki nyuma. Tangu siku ile ugoko wa kushoto unauma upande wa ndani, nikianza kukimbia unauma, ukichangamka unapoa kidogo, jioni unarudi. Nikaenda duka la vifaa vya michezo, kijana akanilowesha mguu akanikanyagisha kwenye boksi, akaangalia alama akasema mama una unyayo bapa, mguu wako unalalia ndani, hizo raba zako ndo zinakuumiza, nunua hizi za kuushika mguu, 420,000. Mume wangu anasema huo ni wizi, mbona babu zetu walikimbia peku. Naomba unisaidie kabla sijatoa hela. *Mama wa Kisasa*

JIBU: Marahaba mama, na hela yako ibaki kwanza kwenye simu.

Hicho kipimo cha mguu wenye maji kwenye boksi ni cha siku nyingi, kipo tangu Wamarekani walivyopatwa na homa ya jogingi miaka ya 1970 na makampuni yakaanza kutengeneza raba za aina aina, hii ya unyayo bapa, hii ya unyayo wa kawaida, hii ya unyayo wenye upinde mkubwa. Kinaingia akilini vizuri sana, ndo maana kimedumu. Shida ni kwamba kilivyokuja kupimwa kwa watu wengi kikashindwa. Jeshi la Marekani walikifanyia majaribio kwa makuruta wao wa nchi kavu, wa anga na wa majini, zaidi ya watu 7,000 ukiwajumlisha. Nusu walipewa raba kulingana na umbo la unyayo, nusu nyingine wakapewa aina moja tu wote bila kujali mguu ukoje, halafu wakaenda kwenye mafunzo yaleyale ya kukimbia na kuruka. Mwisho wa mafunzo walioumia huku na walioumia kule walikuwa karibu sawa. Yaani mtu mwenye "unyayo bapa" aliyepewa raba ya unyayo bapa hakupata afadhali yoyote ya maana.

Halafu kuna hawa wa Denmark, waliwachukua watu 927 ambao ndo kwanza wanaanza kukimbia, kama wewe, wakawapa wote raba za kawaida zisizoshika mguu wala nini, wakawafuatilia mwaka mzima. Kwa maneno ya muuzaji wako, wale ambao miguu inalalia ndani walitakiwa waumie kwa fujo. Hawakuumia zaidi, na ukihesabu kwa kila kilometa 1,000 waliumia kidogo kuliko wenye miguu "sahihi". Mguu kulalia ndani ukikanyaga ni jinsi mguu ulivyoumbwa kupunguza kishindo, karibu kila binadamu mguu wake unafanya hivyo, tofauti ni kiasi tu.

Ila sitaki kumkandamiza kijana wa watu, manake na yeye ana chake. Kuna watafiti wa Luxembourg ambao kwa maoni yangu ndo wameifanya kazi hii kwa uaminifu kuliko wengi: wanatengenezewa raba zinazofanana kabisa kwa nje, mkimbiaji hajui amevaa ipi. Mwaka 2016 walitoa matokeo ya watu 372, na waliovaa raba za kushika mguu waliumia pungufu, hasa wale ambao miguu inalalia ndani. Mwaka 2020 wakaja na watu 848, safari hii tofauti ilikuwa ulaini wa sponji, na waliopewa ngumu hatari yao ya kuumia ilikuwa juu kwa karibu nusu. Kwa hiyo ukisikia mtu anakwambia raba hazina kazi yoyote, na huyo naye anakuza mambo. Lakini ukichukua majaribio yote kwa pamoja, kama walivyofanya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaokusanya na kupima tafiti za afya, mwaka 2022, majaribio 12 yenye watu zaidi ya 11,000, unakuta sehemu kubwa hakuna tofauti kati ya raba hii na ile, na ushahidi wenyewe ni dhaifu. Kumchagulia mtu raba kwa kuangalia unyayo wake, hapo ndo wamesema wazi kwamba haipunguzi majeraha.

Sasa mama rudi usome barua yako mwenyewe. Kilometa 4, 5, 4, 5, niko fresh, halafu ghafla 12. Mwaka 2025 ulitoka utafiti wa wakimbiaji 5,205 waliokuwa wanavaa saa zinazorekodi kila mbio, wakaangalia mtu akikimbia siku moja mbali kuliko mbio yake ndefu kuliko zote za siku 30 zilizopita inakuwaje. Aliyezidisha zaidi ya asilimia 10 tu hatari ilishapanda kwa zaidi ya nusu, na aliyezidisha zaidi ya mara mbili, ambapo ndipo ulipo wewe, hatari ilipanda kwa asilimia 128. Na cha ajabu, kuongeza jumla ya kilometa za wiki nzima hakukuonyesha shida hiyo, shida ilikuwa ile siku moja ya kujitoa ufahamu. Jumamosi ya klabu kabisa hiyo. Nazipenda klabu zetu, zimewatoa watu wengi kwenye kiti, lakini mtindo wa mgeni wa wiki tatu kuvutwa na kundi la watu waliokimbia miaka mitano kisa "usituangushe" unanikera sana, na kiongozi wa klabu anayeruhusu hivyo ndo wa kuulizwa, sio kiatu.

Sababu yenyewe ni rahisi. Mapafu na misuli inazoea haraka, wiki chache tu unajisikia una pumzi. Mfupa na kano zinakwenda taratibu, mfupa ukipigwa kishindo unabomoa kidogo kisha unajenga upya, na ujenzi unachukua wiki nyingi kuliko ubomoaji. Ukiongeza mbio kabla haujamaliza kujenga, unaanza kuuma. Ugoko ndo huwa wa kwanza kwa wanaoanza.

Fanya hivi leo. Kaa kitini, pita na kidole gumba kwenye ukingo wa ndani wa mfupa wa ugoko kuanzia kifundoni kwenda juu. Kama maumivu yametandaa sehemu ndefu, kama upana wa kiganja au zaidi, mara nyingi hiyo ni ugoko uliochoka, unapumzika kukimbia wiki kadhaa, unatembea, baiskeli ukiwa nayo sawa, na unaanza kuimarisha vigimbi: simama kwenye ngazi ya mlangoni, visigino vining'inie nje, panda kwa vidole shuka taratibu, mwanzo miguu yote miwili, baadaye mmoja mmoja. Lakini kama kuna nukta moja ukiigusa unaruka, au inauma usiku umelala, au ukirukaruka kwa mguu huo mmoja huwezi, acha kabisa kukimbia uende hospitali, huenda mfupa una ufa. Na ukipigwa eksrei wiki za mwanzo ikaonekana safi usifurahi haraka, nyufa za aina hii mara nyingi hazionekani mapema, mwambie daktari lini ilianza na ulikimbia kiasi gani.

Ukipona ndo uende dukani. Nenda jioni, miguu ikiwa imetanuka kidogo baada ya kutwa nzima, vaa na soksi zako za kukimbilia, hakikisha mbele ya kidole kirefu pamebaki nafasi ya kama upana wa kidole gumba, kisha omba utoke nje ukimbie pale kwenye varanda hata mita 50. Chukua ile unayoisahau mguuni. Mtaalamu mmoja wa mwendo wa mwili, Benno Nigg wa Chuo Kikuu cha Calgary, baada ya miaka mingi ya kupima viatu alifika hapo hapo, kwamba mkimbiaji achague kinachomkaa vizuri. Sponji iwe na ulaini wa wastani, basi. Ukiipata ya elfu 80 inayokaa vizuri na ya 420,000 inayobana kidole kidogo, jibu unalo. Kama ya 420,000 ndo inakaa vizuri na mfuko unaruhusu, nunua tu, ila nunua kwa raha yako, usinunue kama dawa.

Na mzee nyumbani mwambie ana haki nusu. Nusu nyingine namjibu hapa chini kwa mwalimu.

SWALI: Kocha habari za kazi. Mimi ni mwalimu wa michezo shule ya sekondari wilaya ya Kondoa. Wanafunzi wangu wa mbio ndefu wengi wanakimbia peku na ndo wenye kasi, wachache wana raba. Tunajiandaa na UMISSETA na mzazi mmoja anataka kuwanunulia wote raba mpya wiki ya mashindano. Wengine wananiambia peku ni bora, inazuia majeraha, eti wazungu wamethibitisha. Nishike lipi? *Mwalimu, Kondoa*

JIBU: Mwalimu, mshukuru mzazi kwa moyo wake, halafu mwombe azilete mapema, miezi miwili mitatu kabla. Wiki ya mashindano hapana kabisa.

Habari ya wazungu kuthibitisha najua ilikotokea. Mwaka 2010 Daniel Lieberman wa Harvard na wenzake walichapisha kwenye jarida la Nature kazi waliyoifanya mpaka Kenya, kwa vijana waliokulia peku na waliozoea raba. Waliona waliozoea peku wengi wanatua na sehemu ya mbele ya unyayo, na kile kishindo cha kwanza cha ghafla anachopata mtu anayetua kwa kisigino kwao hakipo. Watu wakalipokea kwa vigelegele, wakaruka moja kwa moja kwenye "peku haiumizi", wakati utafiti ule ulipima kishindo, haukuhesabu majeraha. Zikatoka raba nyembamba za vidole vitano kama glavu, zikauzwa sana. Mwaka 2013 watafiti wakawapa kundi dogo la wakimbiaji wazoefu wa raba za kawaida wahamie kwenye hizo za vidole kwa wiki 10, walipowapiga picha za MRI wakakuta zaidi ya nusu yao mifupa ya miguu imevimba kwa ndani, wakati wale waliobaki na raba zao karibu wote walikuwa wazima. Na kampuni iliyotengeneza, Vibram, mwaka 2014 ikakubali kulipa dola milioni 3.75 kumaliza kesi ya wateja waliosema walitangaziwa faida za kiafya zisizo na ushahidi.

Kwa hiyo mtu mzima wa ofisini aliyevaa viatu tangu chekechea, akiamka siku moja akavua akakimbia peku, anaumia. Na mtoto wa Kondoa aliyepiga peku maisha yake yote ukimvalisha raba nene siku mbili kabla ya mbio naye utakuwa umemvuruga, mguu hauijui ardhi tena, kisigino kinatangulia, kigimbi kinafanya kazi nyingine. Mwili unaumia kwenye mabadiliko ya haraka, upande wowote uende. Abebe Bikila alishinda marathon ya Olimpiki Roma 1960 akiwa peku, miaka minne baadaye akashinda tena Tokyo akiwa na viatu, tena kwa muda mzuri zaidi. Kote kote alikuwa amejiandaa.

Mimi ningefanya hivi: wanaokimbia peku waendelee peku kwenye uwanja, waanze kuvaa raba nyembamba kidogo kidogo kwenye mbio za kupasha, kwa sababu huko njiani kuna mbigiri, kuna chupa, na mchana wa mwezi wa kumi ardhi inaunguza. Pia minyoo ya safura inaingia kwa ngozi ya mguu, na hilo ni la afya hata kama halina uhusiano na mbio. Siku ya mashindano kila mmoja akimbie na alichofanyia mazoezi. Na ukipokea hizo raba za msaada angalia saizi mtoto kwa mtoto, usikubali "atakua tu itamkaa". Raba inayochezacheza mguuni na inayobana zote zinatoa kucha, nimeona kucha nyeusi nyingi sana kwenye mistari ya kumalizia.

SWALI: Kocha mi nanunua raba za mtumba Sabasaba, elfu 25 mpaka 40, washkaji klabuni wananicheka wanasema ntaua magoti. Kweli? *Kijana wa Nkuhungu*

JIBU: Waache wacheke. Mtumba mzuri ni raba kama raba nyingine, na hakuna anayeweza kukuonyesha kwamba bei inazuia goti kuuma. Cha kuangalia ni hali yake, na hapo inabidi uwe mgumu kuliko muuzaji.

Iweke juu ya meza yake pale, chuchumaa uitazame kwa nyuma: ikiwa imeegemea upande mmoja, mwenye nayo wa kwanza aliilalia mpaka sponji ikapinda, na wewe utatembea kwa mwendo wa mtu usiyemjua huko Ulaya. Rudisha. Bonyeza sponji kwa pembeni na kidole gumba, ikiwa ngumu kama soli ya kiatu cha shule, au ina mikunjo mingi midogo kama uso wa mzee, imekwisha hata kama juu inang'aa kwa kufuliwa. Ikunje mbele, inatakiwa ikunjike pale vidole vinapokunjika, ikikunjika katikati ya unyayo achana nayo. Vuta kingo za soli uone gundi, manake raba iliyokaa stoo miaka gundi inakauka, unakimbia nayo wiki mbili soli inabaki barabarani. Nyingi zina kilebo ndani ya ulimi chenye tarehe ya kutengenezwa, kisome.

Na kwa hiyo hela ya raba moja mpya wewe unaweza kupata pea mbili nzuri, ukazibadilisha, leo hii kesho ile. Wale wale wa Luxembourg mwaka 2015 waliwafuatilia wakimbiaji 264 na waliokuwa wanabadilisha pea zaidi ya moja waliumia pungufu kwa asilimia 39. Haikuwa jaribio la kuwagawa watu kwa kura, kwa hiyo huenda wanaobadilisha ni watu makini tu kwa mambo mengine, lakini haina hasara, na pea moja ikilowa mvua za mwezi wa kwanza unayo nyingine.

SWALI: Shikamoo kocha. Nimejiandikisha kilometa 21, nimepata raba za kaboni, zile zenye bamba gumu la kaboni ndani ya soli nene, kwa jamaa anayetoa nje. Simbu wetu wa Singida si ndo mambo hayo? Zitanikinga goti? *Dereva, Area C*

JIBU: Marahaba. Kasi zinaongeza, hilo halina ubishi tena, na ndo maana mwaka 2020 shirikisho la riadha la dunia likaweka kikomo, soli ya raba za barabarani isizidi milimita 40. Kukinga goti, hapana, sijaona pa kusimamia kukuambia hivyo. Zinaupunguzia mzigo mguu sehemu moja na kuupeleka sehemu nyingine, na mwaka 2023 madaktari waliandika habari za wakimbiaji watano walioumia mfupa mmoja mdogo wa juu ya unyayo wakiwa wanatumia raba hizi. Watano sio wengi, ila nakwambia ujue.

Simbu usimtaje hapa bana. Kati ya shaba yake ya marathon ya ubingwa wa dunia London 2017 na dhahabu ya Tokyo 2025 kuna miaka minane ya kilometa ambazo mimi na wewe hatuzimalizi hata kwa bodaboda. Wewe goti limeshauma au unaliogopa tu? Kama limeshauma, 21 ya mwaka huu kimbia na raba yako ya kila siku au ipunguze iwe 10. Kama halijauma, zivae mara chache kwenye mazoezi ya kasi kabla ya siku yenyewe, kwenye lami, na usizipeleke kwenye mawe ya kule Ntyuka manake zile soli nene zikikanyaga jiwe kifundo kinageuka kabla hujajua.